Mguu Mzito wa Mama Esperansi

Tangu nirudi Tabora kila mtu ananiuliza Kongo kulikuwaje, na kila mtu namjibu kipande chake. Jirani nimempa habari za samaki. Wenzangu wa wodini nimewapa pikipiki. Mama yangu nimempa zile tu ambazo hazitamfanya anizuie kusafiri tena. Sasa naandika yote mahali pamoja, msije mkakutana mkaanza kubishana kwamba nimewadanganya. Habari za pasipoti, mihuri na sindano naziruka. Hata nilipokuwa nazipitia nilisinzia.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni tiba ya viungo. Mtu akipooza, akivunjika, au mgongo ukikaza, analetwa kwangu nami namrudisha kwenye kutembea, pole pole, kwa mikono na mazoezi. Niliyesafiri naye ni Baltazari, Mhaya wa Bukoba, mshauri nasaha, kazi yake kusikiliza wenye huzuni. Kanisa moja lilikuwa likitafuta watu wa kujitolea kwenda kukaa kwa muda kwenye kituo cha afya cha Lubondja, kule Fizi, Kivu Kusini. Tukainua mikono. Niseme mapema kwamba karibu safari nzima sikuelewa kilichokuwa kinaendelea, kwa hiyo msitegemee nijifanye mjuzi.

Kibirizi: kungoja godoro

Boti ilikuwa iondoke Kigoma asubuhi. Tulifika ufukweni Kibirizi na mapema yetu, mizigo mgongoni, Baltazari na masanduku mawili kana kwamba anahamia. Nahodha akatuambia tunaondoka sasa hivi. Jua likapanda. Abiria wakawasha jiko pembeni ya boti wakapika uji. Nikamuuliza tena nahodha, akasema sasa hivi. Wakamaliza uji, wakaosha sufuria.

Nilipochoka nikamuuliza mama aliyekaa karibu yangu tunangoja nini hasa. Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Tunangoja matela." Matela ni godoro. Abiria mmoja alinunua godoro sokoni na lilikuwa bado linatafutiwa mtu wa kulibeba. Nilitazama boti nzima, watu kama kijiji, wote wametulia wakingoja godoro la mtu mmoja, wala hakuna aliyenung'unika. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na haraka, na haraka yenyewe sikujua ilikuwa ya nini.

Godoro lilifika alasiri, likashangiliwa. Baltazari ndiye aliyelilalia njia nzima, kwa sababu ziwa lilimgeuza tumbo na mwenye godoro akamwonea huruma.

Ubwari: msichana mwenye meno

Kesho yake tukatia nanga kwenye kijiji kimoja cha wavuvi huko Ubwari, ile rasi ndefu ambayo lazima uizunguke ndipo uingie ghuba ya Baraka. Kwa nini tulisimama sikuambiwa. Watu walishuka, nasi tukashuka. Mchangani kulianikwa ndakala, ambao kwetu ni dagaa, eneo zima likimeta. Mama mmoja akanipakata mtoto wake bila kuniuliza, akaenda kuoga. Nikabaki na mtoto.

Habari kwamba kwenye boti kuna madaktari wa kukandakanda zilikuwa zimetutangulia. Akaja msichana, umri wake haujafika hata thelathini, amesuka vizuri, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama Dokta, yambo. Meno yangu yote imetoka. Bugali minameza tu, sitafune. Na magoti inaniuma sana kama mvua iko karibu."

Alikuwa akinionyesha meno yote, meupe, yamepangika vizuri kuliko yangu. Nikamwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Akaendelea kunieleza kwamba usiku anakohoa na kwamba watoto wake wote walishazeeka. Nikamwuliza, "Wewe?" Akajibu, "Ndiyo, mi." Nikamwambia aweke maji ya moto kwenye magoti, akanishukuru, akaondoka akiruka ndoo za watu kwa wepesi wa mbuzi.

Nikamwambia Baltazari kwamba nadhani tumeanza kuchekwa hata kabla hatujafika. Yeye alikuwa bado na kichefuchefu cha ziwa. Akasema, "Dada, mimi nikicheka nitatapika."

Baraka: chakula kinapoa

Baraka ni mji wa boti na pikipiki, na pikipiki zote zina haraka ambayo boti hazina. Tulipokelewa na familia moja ya kanisa. Mama mwenye nyumba alitandika meza: bugali wa mihogo, samaki mgebuka mkubwa ndani ya mawese mekundu, na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikalainika. Harufu peke yake ilitosha kumponya Baltazari. Kisha mama akatuwekea maji ya kunawa, akatoka, akafunga pazia.

Tukanawa, tukangoja wenyeji waje tule. Hawakuja. Tukasikia wanaongea nje kwa sauti ya chini. Tukaendelea kungoja, maana mtu hajianzii chakula cha watu. Bugali ukaanza kuota ngozi juu. Mwisho pazia likafunguka, mama akachungulia, akaona hatujagusa kitu, uso ukamwanguka.

"Chakula yetu haibapendeze?"

Nao walikuwa wakingoja sisi tumalize ndipo wao wale. Mgeni kwao huachiwa nafasi ale kwa uhuru, bila kutazamwa mdomoni. Tulikula chakula kimepoa na kilikuwa kitamu hivyo hivyo. Mawese yalitia doa kwenye shati jeupe la Baltazari na doa hilo lilifika Bukoba, nimeambiwa.

Njia ya Fizi: anayepunga mkono

Kutoka Baraka kwenda Fizi, na kutoka Fizi kwenda Lubondja, ni pikipiki. Kila mmoja alipanda yake, na masanduku ya Baltazari yakapanda ya kwao. Njia inapanda vilima, inashuka mitoni, matope yanafika magotini. Kwenye vizuizi vya kamba dereva alizima moto, akasalimia, tukapita. Milima mirefu upande wa juu alinionyesha kwa kidevu, akasema huko ndiko kwa wafugaji, watu wa maziwa, na kwamba zamani sokoni walichangamana zaidi kuliko siku hizi. Nilipouliza kwa nini, akasema njia imeharibika. Sikujua kama alimaanisha barabara.

Mbele ya kijito kimoja dereva alisimama ghafla, akashuka, akavua kofia. Kulikuwa kunakuja wanaume wanne wamebeba kipoyi, machela ya miti na kamba, mtu amelala juu kafunikwa kitenge. Wanawake waliokuwa wakifua wakasimama na mmoja akaanza kulia kwa sauti. Nami nikainamisha kichwa. Kipoyi kilipotufikia, mtu aliyekuwa juu yake akatoa mkono nje ya kitenge akatupungia.

Nilishtuka nusura nianguke kwenye kijito.

"Yuko hai," nikamwambia dereva.

"Ndiyo, mama. Leo iko muzima. Lakini iko mu kipoyi." Akavaa kofia yake. "Wenye kutokaka mu kijiji na kipoyi, sisi tunabalilia mbele, juu wengi habarudiake."

Yaani mgonjwa alipitishwa katikati ya kilio chake mwenyewe, na yeye akawa anawasalimu waombolezaji. Nililiwaza jambo hilo mpaka Lubondja na sikupata pa kuliweka.

Lubondja: mguu usiokuwa na ugonjwa

Kituo cha afya kilikuwa na vyumba vichache, kisima, na foleni. Mkuu wake ni muuguzi ambaye wote wanamwita Titulaire, mtu mpole, mwenye maneno machache na kikohozi cha adabu kabla ya kila neno. Alitupa chumba, mkeka na benchi. Tukaanza kazi.

Sijawahi kufanya kazi ya ajabu vile. Alikuja mzee akasema mgongo umempinda, haunyooki. Nikamgusa, mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera. Akaja kijana akasema mkono wake haufungi vidole, akaniambia hivyo huku akiwa amefumbata kofia yake. Nikiwakanda walinisikiliza kwa makini ya ajabu na kuniambia, "Shika tena, nisikie nguvu yako iko ngapi." Mmoja aliniomba anikande mimi, aone kama ameweza. Nilimkatalia kwa ukali. Nilidhani ni utovu wa adabu.

Lakini aliyenichanganya kuliko wote alikuwa Mama Esperansi. Alikuja siku ya kwanza kabisa, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya kulima, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu. Alikuwa ametoka kijiji cha nyuma ya kilima, mwendo wa kutosha.

"Muguu ya kuume iko nzito," akasema. "Na mukono ya kuume. Ilinikamata asubuhi, nikaanguka ku shamba. Sasa mi nalalaka tu."

"Huwezi kutembea kabisa?"

"Hapana. Hata ku mulango sifike."

"Na hapa umefikaje?"

Akaonyesha miguu yake. "Na miguu."

Nikamwangalia Titulaire. Titulaire akakohoa, akaenda kuchemsha sindano.

Mama yule akanieleza shida yake, na hii ndiyo muishike, maana kila kitu kilichofuata kilitoka hapo. Binti yake, Esperansi, alikuwa anaolewa. Siku ya bakwe, yaani wakwe, kuja kumchukua ilikuwa imekaribia. Nyumbani kwao mama mzazi ndiye anayemtoa binti mlangoni na kumsindikiza kwa miguu mpaka barabarani, na hapo ndipo anapomkabidhi. Mama asiposimama, shangazi wa binti husimama mahali pake.

"Shangazi akisimama mahali yangu, bantu batasema mi nilishakufa," akasema. "Nisimamishe, Dokta. Mpaka barabara tu. Kisha nilale tena, hakuna shida."

Nikampima. Nikamwambia asukume mkono wangu kwa mguu wa kulia. Alinisukuma nikagonga ukuta. Nikampima tena, nikajiuliza kama nimesahau kazi. Jioni nikamwambia Baltazari kwamba huyu ni wako, mguu ni mzima, ugonjwa utakuwa moyoni.

Baltazari alimkalisha kwenye benchi siku iliyofuata na mama akamweleza mambo yaliyomfanya ndugu yangu atoke kufuta macho. Kwamba analala mchana kutwa akihesabu misumari ya mabati. Kwamba anasikia wenzake wakitwanga na anaona haya kula chakula ambacho hakukitwanga. Kwamba kulia hawezi, maana akilia watoto watajua ni kweli. Baltazari akamwambia asione haya kulia, machozi si kushindwa. Mama akasema, "Sema tena pole pole." Akasema tena. Yule mama alikuwa akitingisha midomo, anarudia.

"Dada, huyu mama amebeba mzigo mzito sana," Baltazari akaniambia.

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua.

Tukamtibu hivyo, mimi mguu, yeye moyo. Nilimfundisha kugeuka kitandani, kukaa, kuinuka. Aliniuliza maswali ya ajabu: kama mtu hawezi kujiinua, anayemwinua asimame upande gani, amshike kwapani au kiunoni. Nikamwonyesha kiunoni, kwenye mfupa. Aliweza kila kitu mara ya kwanza. Nikajisifu moyoni, nikaongeza mazoezi: kupanda ngazi, kisha kusimama kwa mguu mmoja. Kwa aliyepooza hatua hiyo huja baadaye sana. Lakini huyu aliiweza akicheka, nami nikaona nina mikono ya baraka, hasa kwa kuwa tulikuwa jirani na mji wa jina hilo.

Asubuhi moja akaja amevimba macho. Akasema jana aliposimama na mguu mmoja alianguka, bega limevimba. Nikamwambia afungue kitenge. Bega lilikuwa laini, halina alama. Hapo hasira zikanipanda, nisiwafiche. Nilikuwa nimekula vibaya, nimelala vibaya, na nimekanda migongo iliyonyooka wiki nzima.

"Mama, unanichezea," nikamwambia. "Bega lako ni zima. Mguu wako ni mzima. Kuna wagonjwa wananingoja nje."

Machozi yakamtoka, akawa anayapangusa kwa kiganja.

"Banasema nataka kumuua," akasema mwisho.

"Nani? Kumuua nani?"

"Bibi mukubwa."

Titulaire alikuwa mlangoni. Akakohoa.

"Mama Dokta, huyu hayuko mugonjwa. Mugonjwa iko kule kilima. Huyu ni mbanda wake." Mbanda ni mke mwenza. "Mama Esperansi hakubali kipoyi. Nani anakubalaka kipoyi? Basi anakuya mwenye miguu, anabeba ugonjwa ya mwenzake, analeta hapa, anarudisha dawa. Mi natoaka dawa vile kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri munajua," akasema, na alishangaa kweli. "Kwenu banafanya namna gani?"

Nikakaa kwenye mkeka. Yule mzee wa mgongo ulionyooka. Kijana wa vidole. Msichana wa Ubwari na meno ya bibi yake. Wote walikuwa wajumbe, na mimi nilikuwa nimewakanda watu wazima mmoja mmoja nikiwashangaa kwa nini hawaumwi. Kumbe wao walikuwa wananihifadhi mikononi mwao ili wakairudie kazi yangu nyumbani kwa mgonjwa.

Nyuma ya kilima: aliyelala

Mbanda yule jina lake hasa ni Mama Safi. Tulimfuata siku ile ile, mimi na Baltazari, na njiani kupanda kilima alitueleza mengine. Mume wao yuko Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Bibi mkubwa alipoanguka, dada wa mume, ambaye ndiye shangazi wa Esperansi, akasema hadharani kwamba bibi mdogo ndiye aliyemfunga mguu kwa uchawi. Wiki hii majirani walimwona anamsimamisha mgonjwa kwa mguu mmoja na mgonjwa anaanguka. Basi, ushahidi ukapatikana.

"Bakwe bakikuta amelala, mi nitafukuzwa na batoto yangu," akasema, bila kupunguza mwendo. "Hata njia ya kurudi kwetu siijue tena."

Nilikuwa napanda nyuma yake. Mguu mmoja. Mimi ndiye niliyemwambia.

Shangazi tulimkuta mlangoni, mikono kifuani, majirani wamekusanyika uani kati ya mihogo iliyoanikwa.

"Dokta," akasema, "we njo," yaani ndiye, "ulituma huyu amuangushe bibi mukubwa?"

"Ndiyo, ni mimi," nikasema, na nikapaza sauti kila mtu asikie. "Zoezi la mguu mmoja nimelitoa mimi, mapema mno, kwa sababu nilimpima aliye mzima. Huyu alifanya nilivyomwambia. Hakuna aliyemfunga mtu mguu. Huu ugonjwa nauona Tabora kila siku na huyu mbanda kule hajawahi kufika."

Kuna mtu alicheka kidogo. Shangazi hakucheka, lakini alisogea, tukapita.

Ndani, juu ya kitanda cha miti, alikuwa Mama Esperansi mwenyewe. Mdomo umevutwa upande kidogo, macho makali. Nilimshika kiunoni, kwenye mfupa, ili nimkalishe. Akanitazama.

"We njo ile mukono," akasema, maneno yakimtoka kwa kazi. "Kila siku minaisikia. Nilifikiri iko mukubwa."

Kisha akamtazama Baltazari. "Na we njo wa kulia. Nililia. Mbanda alileta ile maneno, akasema lia, nikalia siku muzima." Baltazari naye akatoka nje tena.

Tulianza upya. Nilimwondolea zoezi la mguu mmoja, nikamrudisha kwenye kuinuka na kusimama, kisha hatua mlangoni na fimbo. Bega tulilifunga. Kila siku tulipanda kilima badala ya kungoja foleni, na wale wajumbe wengine wakatuelekeza nyumba moja moja, ambako tuliwakuta wenye migongo. Mama Safi nilimwacha amshike mgonjwa mwenyewe. Sikuwa na la kumsahihisha. Mikono yake ilikwenda pale pale ilipokuwa imekwenda mikono yangu, na nilijisikia furaha ya ajabu, ya mtu anayekuta nguo yake imemkaa mwingine vizuri.

Ila mpaka barabarani palikuwa mbali. Mlangoni alifika. Uani alifika, akakaa. Barabara ilikuwa chini, baada ya migomba, na siku zilikuwa zimekwisha.

Siku ya bakwe

Tulikuwa tuondoke kabla ya siku yenyewe. Ikaja habari kutoka Baraka kwamba boti haijafika, inangoja kitu. Sikuuliza inangoja nini. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru mwenye godoro, popote alipo.

Bakwe walikuja na nyimbo, vitenge vipya na mbuzi, wakasimama barabarani kama desturi inavyotaka. Esperansi alikuwa chumbani, kafunikwa. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya chenye ndege, amejipaka mafuta, amesimama mlangoni tayari. Mama Safi hakuonekana. Alikuwa jikoni nyuma, anasonga bugali wa wageni, na nilielewa kwamba amejificha, asije akasemwa.

Mama Esperansi akakaa kitandani, akaweka miguu chini. Nikampa mkono. Akautazama, akautoa taratibu.

"Mama Safi iko wapi?"

Nje wimbo ukapungua.

"Mumuite," akasema kwa sauti, na mdomo ule uliovutwa ulijitahidi kila neno litoke zima. "Mi sitoke bila mbanda yangu. Ye njo anajua mahali ya kushika."

Akaitwa. Akaja mbio na mikono yote imejaa unga wa mihogo, akasimama hajui afanye nini na mikono hiyo, kitenge cha bibi mkubwa kikiwa kipya. Mama Esperansi akamwambia, "Shika." Akashika kiunoni, kwenye mfupa. Bibi mkubwa akainuka.

Walitoka hivyo, binti upande mmoja, mbanda upande mwingine, na mguu wa kulia ukiburuta mstari mwembamba kwenye vumbi. Shangazi alikuwa bado mlangoni. Kwa muda nilidhani hatasogea. Kisha akageuka, akachukua kigoda cha uani, akawafuata nyuma amekibeba, na kila mgonjwa alipotetereka alikiweka chini na kungoja. Mgonjwa alikaa kwenye kile kigoda katikati ya migomba. Bakwe waliimba wimbo mmoja mpaka wakaumaliza, wakaanza mwingine. Hakuna aliyewaharakisha. Watu wa huko wanajua kungoja, hilo nilikuwa nimeliona tangu Kibirizi bila kulielewa.

Barabarani Mama Esperansi alisimama bila kigoda. Akamwachia binti mkono, akamkabidhi. Aliposimama pale nikaona kiganja cha unga kimechapika cheupe kiunoni kwenye kitenge chake kipya, vidole vyote vitano. Shangazi alikiona pia. Alinyoosha mkono kama anataka kukipangusa, kisha akauacha ukashuka.

Nililia, naye Baltazari alilia, ila yeye mmeshamjua.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa ile ile kinyumenyume, ila matope zaidi. Ubwari boti ilisimama tena, na yule msichana wa meno mazuri alikuja. Safari hii nilimwuliza sawasawa: bibi anaweza kuinuka peke yake, anakohoa nini, anakula nini. Akajibu yote kwa "mi". Nikamkalisha nikamkanda magoti yake mazima, kwa makini, nikamwambia ashike hapa na hapa. Alipoondoka akaniambia, "Sasa we unajua kazi." Nilipokea.

Mgonjwa ni yule aliyeshika kadi, hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na nimefanya hivyo miaka yote. Sasa, kabla sijamgusa mtu, namwuliza kwanza kama ugonjwa huu ni wake. Wenzangu wodini wananicheka, wanasema Kongo imeniharibu. Wengi wanajibu ndiyo, tunaendelea.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa hapa hapa Tabora, kadi mkononi, mgongo unauma, hawezi kuinama. Nikamgusa. Mgongo umenyooka. Nikamwuliza. Akatazama mlango, akatazama miguu yake.

"Si wangu, daktari," akasema. "Ni wa mume wangu. Anaona haya kuja."

Nikafunga mlango, nikamwambia alale kitandani, na anisikilize vizuri mikono yangu.